Mashine Iliyojibu Salama

Ukikutana na Hind binti Abdulhadi asubuhi, anapovuka barabara ya Msimbazi kwenda kazini kwake mtaa wa Gerezani, ukamuuliza habari za baba yake, atakujibu salama. Usimlaumu, hata wewe ungejibu hivyo hivyo. Huku kwetu mtu hasemi "mbaya" hata kama paa la nyumba yake linawaka. Husema salama kwanza, akakuuliza na wewe za kwako, mkamaliza za watoto na za kazi, ndipo anapovuta pumzi na kusema, "Ila..." Mambo yote yako baada ya hiyo ila. Misiba iko hapo, talaka ziko hapo, duka lililoungua liko hapo. Asiye na subira ya kuingoja huenda zake akidhani mwenzake yu mzima.

Ila ya Hind ni hii: baba yake yuko kitandani, upande wa kulia wa mwili wake umekufa, na daktari amemwambia Hind neno ambalo hajapata ujasiri wa kumfikishia mzee. Kadiri anavyochelewa, ndivyo mzee anavyozidi kukonda. Na kazi anayoifanya Hind kila siku, Mungu naye ana mambo yake, ni kuifundisha kompyuta kutoa habari mbaya.

Alizaliwa Kariakoo, ghorofani, juu ya duka la kanga na mashuka lililoanzishwa na babu yake aliyetoka Hadhramaut. Mzee Abdulhadi alikaa katika duka hilo tangu ujana wake, na hakuna mteja aliyepata kusikia neno "sina" kinywani mwake. Kwake yeye kumwambia mtu "sina" ni kumfukuza. Alikuwa akisema, "Imekwisha, bwana. Pita kesho, inshallah." Siku moja alikuja mtu aliyepotea njia, akaulizia tairi la baiskeli katikati ya mashuka yale, na mzee akamjibu kwa upole wote kwamba la leo limekwisha. Hind alikuwa mdogo, alicheka mpaka akafukuzwa dukani. Lakini hata akicheka, somo lenyewe lilikwisha kumwingia.

Akasoma kompyuta, akaolewa, akaachika, akarudi ghorofani kwa baba yake, mama yake akiwa ameshatangulia mbele ya haki. Duka likashikwa na mdogo wake, Talha. Hind akapata kazi katika kampuni ndogo ya programu ya Salem, jamaa yao wa mbali upande wa mama, huko Gerezani juu ya maduka ya vipuri, ambako sakafu hutetemeka kila fundi wa chini anaponyoosha bampa kwa nyundo. Wako watatu tu: Salem anatafuta wateja, kijana mmoja aitwaye Kitwana anaandika programu, na Hind anazijaribu.

Mteja wao mkubwa ni zahanati moja ya jirani. Kampuni iliitengenezea mfumo wa kuwakumbusha wagonjwa dawa zao. Mgonjwa wa presha au sukari akikaribia kumaliza vidonge, meseji inaingia kwenye simu yake: njoo uchukue vingine. Hind alimwandikisha baba yake siku ya kwanza kabisa, na mzee akauringia mtaa mzima. "Mimi siku hizi siweki tarehe kichwani," alikuwa akiwaambia wenye maduka wenzake. "Mashine ya binti yangu inaniita."

Sasa, kipande chochote kipya anachoandika Kitwana hakiendi kwa wagonjwa mpaka kipite kwenye skripti ya Hind. Skripti hiyo ni mlolongo wa maagizo unaoifanya kompyuta ijidai ni mgonjwa fulani, wa tarehe fulani, kisha iangalie kama meseji yake imetoka. Halafu ijidai ni mwingine, na mwingine, hadi wote waishe. Ni kama kuonja mchuzi kabla ya kupakua, tofauti ni kwamba skripti inaonja kila sufuria na haichoki.

Tatizo lilikuwa namna ilivyotoa majibu. Mwanzoni, jaribio moja likifeli, skrini ilijaa maandishi mekundu ya Kiingereza, majina ya mafaili na namba za mistari, na ukweli wenyewe umefukiwa huko ndani usionekane. Kitwana hakuwa anasoma hata neno.

"Ikiwaka nyekundu irudie tu, da Hind," alikuwa akisema. "Ikigoma tena, zima mashine uwashe."

Hind akachoka. Akakaa chini akaiandika upya sehemu ile ya majibu, kwa Kiswahili, na kwa adabu aliyolelewa nayo. Tangu hapo likifeli jaribio skripti ilisema: "Salama, alhamdulillah. Majaribio karibu yote yamekwenda vizuri. Ila moja limesita kidogo. Nafasi ikipatikana, litazamwe."

Waliipenda, jamani! Kitwana aliisoma kwa sauti nyembamba ya bi harusi, wakacheka mpaka fundi wa chini akagonga dari kuuliza kuna nini. Salem alisema hii sasa ndiyo mashine iliyolelewa, akaagiza majibu yake yawe yanakwenda pia kwa mganga mkuu wa zahanati kila programu inapobadilishwa, aone jinsi wanavyofanya kazi kwa ustaarabu. Na kwa kuwa mtandao wa pale ofisini unajulikana tabia yake, karibu kila siku kulikuwa na jaribio moja limesita, na halikuwa na maana yoyote. Mazoea yana taabu. Baada ya muda hakuna aliyesoma kupita neno "vizuri".

Ndipo Kitwana akabadilisha hesabu ya tarehe. Alitaka kuipunguza urefu, iwe safi, na kwa wagonjwa wengi ilifanya kazi kama kawaida. Lakini wale ambao vidonge vyao vilikuwa vinaishia siku ya mwisho ya mwezi, programu mpya iliwaruka. Skripti iliona. Ilikuwepo pale kwa sababu hiyo hasa, ikaona, na ikasema kama ilivyofundishwa kusema: salama, ila moja limesita kidogo. Hind alikuwa na kitumbua mkononi. Akasoma mpaka "vizuri", akabonyeza kuruhusu. Hakuna mwingine wa kusingiziwa, kidole kilikuwa chake.

Vidonge vya presha vya Mzee Abdulhadi vikaisha siku ya mwisho ya mwezi. Mzee akangoja kuitwa. Meseji haikuja, naye akaona labda zahanati wanajua hesabu kuliko yeye, akaendelea kungoja. Kumuuliza binti yake aliona haya, isije ikaonekana anaitilia shaka mashine yake.

Asubuhi moja Hind alimkuta mlangoni amejishika kichwa.

"Shikamoo baba. Umeamkaje?"

"Marahaba. Salama, mwanangu, alhamdulillah. Ila kichwa kimenishika kidogo. Joto tu hili."

"Kunywa maji mengi," Hind akasema, akashuka ngazi.

Kabla ya adhuhuri simu yake ikalia. Alikuwa Talha.

"Dada, habari za kazi?"

"Nzuri. Za huko?"

"Huku salama tu. Dukani hatujambo. Umeshakula?"

"Bado. Vipi?"

"Hamna neno," Talha akasema. "Ila baba ameanguka. Mdomo umekwenda upande. Tuko naye kwenye bajaji, hasemi."

Hind hakukumbuka baadaye alishukaje zile ngazi. Hospitalini waliambiwa ni kiharusi, na daktari aliuliza swali moja tu: mara ya mwisho mzee alimeza dawa lini? Talha alimtazama Hind. Hind alitoa simu ya baba yake kwenye mfuko wa kanzu, akafungua meseji, akakuta ya mwisho ni ile ya vidonge vilivyokwisha, ya kufuata vingine haimo.

Mzee alipotulia, Hind alirudi ofisini akayafungua majibu ya zamani ya skripti. Ilimchukua muda mfupi kuyapata. Mstari ulikuwa pale, na adabu zake zote, ukimwambia nafasi ikipatikana atazame. Alikwenda kukaa kwenye ngazi za nje akalia, na aliyemchukia wakati ule hakuwa Kitwana. Wahenga walishasema mficha maradhi kifo humuumbua, na msemo huo yeye alikuwa anaujua tangu yuko darasa la tatu, aliuandikia hata insha. Kujua msemo ni jambo moja, kuutii ni jingine.

Siku ile ile yeye na Chiku, muuguzi wa zahanati, waliwapigia simu wagonjwa wote walioachwa. Mmoja alikuwa amevimba miguu, wengine walikuwa wazima na wakashukuru kwa kukumbushwa. Mungu alisitiri. Kwa wengine.

Kisha Hind akaanza kuiandika skripti upya. Alitupa salamu. Akaifanya ianze na baya, na iliseme kwa jinsi litakavyompata mtu, bila namba za mistari. Alipoijaribu kwa ile hesabu mbovu ya tarehe, ikaandika: "IMEFELI. USIPELEKE. Mgonjwa anayemaliza dawa siku ya mwisho ya mwezi hatapata meseji. Tulitegemea meseji moja, hakuna iliyotoka. Angalia hesabu ya tarehe." Majaribio yaliyofaulu yakatajwa chini kabisa, kwa mstari mmoja usio na sifa. Matatizo ya mtandao akayatenga peke yake, yasije yakazoesha watu tena. Na jaribio likifeli, kitufe cha kuruhusu kikawa hakibonyezeki.

Kitwana alisoma, uso ukamshuka.

"Da Hind, umenianika."

"Mbona haijakutaja? Nimeizuia kabisa isitaje jina la mtu."

"Tarehe kagusa nani zaidi yangu?"

Kitwana aliburuta kiti, akasoma tena mstari kwa mstari, akaenda moja kwa moja kwenye kosa na kulirekebisha kabla chai haijapoa. Siku ile hakutania mtu, na hata leo hajarudia ile sauti ya bi harusi.

Salem ndiye aliyekuja juu.

"Dada yangu, haya majibu mteja anayasoma. Mtu ameamka, hajatia hata chai mdomoni, anakutana na IMEFELI kwa herufi kubwa. Si atasema tumemuuzia kanyaboya?"

"Acha asome."

"Basi weka salamu juu. Mstari mmoja tu. Ustaarabu hauna gharama."

"Salem," Hind akasema, "baba yangu alikuwa chini ya huo mstari."

Salem akatazama sakafu iliyokuwa ikitetemeka kwa nyundo ya chini. Kisha akasema basi, majibu yasipelekwe kwa mteja, yabaki ndani. Hind akamwambia kama hatayapeleka, atayapeleka yeye kwa miguu, na atamweleza mganga mkuu kilichotokea na nani alibonyeza. Yakapelekwa. Mganga mkuu aliwaita, akawafokea mbele ya wauguzi, na mpaka leo hawajui kama mkataba utaendelea. Salem akawa anampita Hind mlangoni bila kusema naye.

Ungedhani mwanamke aliyeweza kusimama hivyo mbele ya bosi wake angeweza kusema lolote nyumbani. Haikuwa hivyo.

Mzee alikuwa amerudishwa kwenye chumba chake cha ghorofani. Mdomo ulikuwa umeanza kunyooka, maneno yakitoka polepole lakini yakieleweka. Mguu nao ulianza kupata nguvu, na Chiku, aliyekuwa akija kumnyoosha viungo, alisema kwa mkongojo atatembea. Ila mkono wa kulia, hapana. Alimwambia Hind ukumbini, bila kuzunguka, maneno yale yale ambayo daktari alikwisha kuyasema hospitalini.

"Asiusubiri, dada. Aanze kujifunza wa kushoto. Mwambieni mapema."

Nani amwambie? Kila jioni wageni walipanda ngazi, majirani na wateja wa zamani, wakaukamata ule mkono uliolegea na kuusifu. Utarudi huo, inshallah. Umechoka tu kupima mashuka. Talha aliukanda kwa mafuta ya nazi yaliyosomewa dua, akisema Ijumaa hii, kama si hii basi ijayo. Hind alikuwa akiitikia inshallah pamoja nao, huku akijiona mwongo.

Na mzee akaacha kula. Mkono wa kushoto kwake ulikuwa wa msalani, tangu akiwa mtoto, na Talha alipata kuchapwa vidole kwa kupokea mkate kwa kushoto. Kulishwa na wanawe hakutaka, alifunga mdomo na kugeuzia uso ukutani. Akiletewa sahani alisema, "Nimeshiba, alhamdulillah. Mkono ukirudi nitakula mpaka mshangae." Alikubali uji wa kikombe tu, aushike kwa kushoto chini ya shuka asionekane, kisha baadaye hata uji akawa anaukataa. Mifupa ya mabega ilianza kuonekana kwenye fulana. Chiku alimpima, akamtazama Hind kwa jicho ambalo Hind alilielewa: mwili huu usipokula, kiharusi kingine hakitabisha hodi.

Alasiri moja Talha akiwa dukani, Hind alimpikia wali laini na mchuzi wa changu aliyemfuata mwenyewe soko la Feri, akamtoa miiba yote. Akauweka juu ya kistuli karibu na kitanda.

"Hali yako, baba?"

"Salama."

Hind akakaa. Chini barabarani machinga alikuwa akinadi soksi kwa kipaza sauti, mzee akisikiliza kama mtu anayesikiliza biashara yake. Halafu, bila kumtazama, akauliza jambo ambalo hakuwahi kuliuliza.

"Daktari alisemaje?"

"Alisema unaendelea vizuri, baba," Hind akaanza. "Mguu unapata nguvu, presha imeshuka, na mdomo..."

Akaisikia sauti yake mwenyewe. Ilikuwa ile ile skripti ya kwanza, neno kwa neno, ikisema kwa kinywa chake. Akasema haraka, kabla hajapata adabu ya kujizuia.

"Baba, mkono wa kulia haurudi."

Mzee alimgeukia akamtazama kama mtu aliyetukanwa mbele ya wageni.

"Nani kasema?"

"Daktari. Tangu hospitali. Na Chiku pia."

"Talha anajua?"

"Anajua."

"Wale wanaokuja jioni?"

"Sijui, baba. Nadhani wengi wanaona."

Machozi yalimtoka mzee. Yale ya upande wa kushoto aliyafuta, ya upande wa kulia yakateremka mpaka shingoni bila yeye kuyahisi, na Hind hakuthubutu kunyoosha mkono. Alitamani kusema Mungu ni mkubwa, alitamani kusema lolote, akauma midomo.

"Nyote mnajua," mzee akasema polepole, "mnaniacha nakaa na njaa namngoja maiti."

"Ndiyo, baba. Nisamehe."

Hakumsamehe, au kama alimsamehe hakusema. Aligeuza macho akaitazama sahani. Machinga wa soksi alihama, akaja wa mitego ya panya.

"Leta kijiko," mzee akasema.

Hind akakitwaa, akakijaza wali, akakisogeza mdomoni kwa baba yake kama alivyozoea kujaribu. Mzee akageuza uso.

"Kiweke. Utoke nje. Na mlango ufunge."

Akatoka, akafunga, akasimama ukumbini ameegemea ukuta. Kwanza hakusikia kitu. Kisha akasikia bismillahi ya sauti ndogo, na kijiko kikigonga ukingo wa sahani, kikikosa, kikigonga kistuli, kikianguka sakafuni. Akashika kitasa. Akakiachia. Ndani palikuwa na kuhema na kunung'unika, shuka likivutwa, kisha kijiko kikagonga sahani tena, na tena, na katikati ya kugonga huko kulikuwa na kwikwi.

Talha akapanda ngazi mbio mbio, amesikia kishindo na kuacha duka wazi, akamkuta dada yake amesimama pale, uso umelowa.

"Kuna nini? Huko ndani salama?"

"Analia," Hind akasema. "Nimemwambia ukweli wa mkono, na analia. Na anakula."